Kanda la Usufi

Miongoni mwa methali ambazo watu wa mwambao huzitamka bila ya kuzipima, iko hii: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ya juujuu yajulikana na kila mtu, kwamba anayetazama huona wepesi pale ambapo anayebeba huona uzito. Lakini aliyeitunga alikuwa mtu wa kuchagua maneno. Hakusema kuwa mzigo wa mwenzio ni unyoya, wala hakusema kuwa ni jani kavu. Alichagua usufi, kitu ambacho nyumba nyingi za Unguja na Pemba, za Mombasa na Lamu, zilikuwa nacho ndani ya mito na magodoro. Kisha akautia katika kanda, ambalo likijazwa hutuna na kuonekana kubwa. Kanda la usufi ni kubwa kwa jicho na jepesi kwa bega. Kwa hiyo methali haisemi kwamba mtazamaji hauoni mzigo wa mwenzake. Auona barabara, tena auona ulivyotuna. Ila kuna sauti moyoni mwake inayomwambia kuwa ndani ya kanda lile hamna kitu. Anayeshitakiwa na methali hii ni mwenye macho.

Ikiwa pana mahali katika Afrika ya Mashariki ambapo methali hiyo hutiwa mizanini, na mizani yenyewe ni ya chuma, basi ni katika malango ya Mlima Kilimanjaro. Masika yakishaondoka, kiasi cha mwezi wa Juni, njia za mlimani huanza kukauka, na kutoka Moshi mjini Kibo huonekana alfajiri na jioni, nyeupe juu ya mabati ya nyumba. Huo ndio wakati ambao wageni humiminika. Huko Marangu, huko Machame, huko Londorosi na kwenye malango mengine, vijana hukusanyika tangu asubuhi wakingoja kuitwa majina, na mizigo hupangwa chini, mmoja baada ya mmoja, ipimwe. Sheria ya hifadhi ni kwamba mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20 za mzigo wa safari, mbali na vitu vyake mwenyewe. Ikizidi, hupunguzwa, na kilichopunguzwa hutafutiwa bega jingine. Hapo mtu wa pwani atakumbuka methali ya pili, ndugu wa ile ya kwanza: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.

Na ndani ya mizigo hiyo mna nini? Mna mahema, mna mitungi ya gesi, masufuria, unga, viazi, trei za mayai zilizofungwa kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mna meza ya kukunja na viti vyake, kwa kuwa wageni wengine hupenda kula wameketi. Katika misafara mingine mna choo cha kubebeka, kinachofungwa na kufunguliwa kila kambi, na yupo mtu ambaye kazi yake ni hiyo. Mgeni mmoja kwa kawaida hufuatana na watu watatu au wanne: kiongozi, mpishi na wapagazi, na wageni wakiwa wachache huduma ikiwa ya kifahari, hesabu hupanda zaidi ya hapo. Mtu anayesoma jedwali la msafara kama huo bila ya kuambiwa ni wa mwaka gani, anaweza kudhani kuwa ameshika daftari la Bagamoyo la zama za pembe za ndovu. Tofauti ni kwamba pembe zilikuwa zikishuka pwani kwenda kuuzwa, ilhali kinachopandishwa hapa hakiuzwi popote. Kinapandishwa ili kitumike juu, kisha kirudishwe kilikotoka.

Wanachokifuata wageni ni uzuri, na uzuri wenyewe upo. Asiseme mtu kuwa wamedanganywa. Njia ya Marangu huanza karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ndani ya msitu ambao jua huuingia kwa kuchujwa. Mbega huruka juu, mkia wake mweupe ukimfuata kama kilemba kilichofunguka. Chini, penye unyevu, huota ua dogo jekundu lenye njano, limejikunja mkia kama pembe ya dumu la mafuta ya zamani, na halioti kokote duniani isipokuwa katika mlima huu. Kupita kituo cha Mandara, mita 2,700, iko njia fupi ya kwenda kreta ya Maundi, ambapo aliyekuja kwa siku moja tu aweza kusimama, akaiona nchi ya Wachaga yote imelala kijani na nyika ikianzia pale migomba inapoishia. Juu zaidi msitu huisha ghafla, kama wimbo uliokatwa. Huja vichaka, kisha Horombo, mita 3,700, na ile mimea mirefu yenye vichwa vya majani kama watu waliovaa makoti, inayofunga majani yake usiku kwa ajili ya baridi. Kisha jangwa la mawe. Kisha Kibo.

Serikali iliifanya sehemu ya juu ya mlima kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1973, ikafunguliwa rasmi 1977, na mwaka 1987 ikaingizwa katika urithi wa dunia. Mwaka 2005 mipaka ilishushwa ikaumeza msitu uliokuwa chini yake. Zipo njia kadhaa za kupandia, na kila moja ina mashabiki wake: Machame wanaisifu kwa mandhari, Lemosho kwa upweke wa siku zake za mwanzo, Umbwe kwa ukali, Rongai kwa ukavu wa upande wa kaskazini. Marangu peke yake ndiyo yenye nyumba za kulala. Katika njia nyingine zote nyumba hubebwa, na hapo ndipo fumbo linapoanza.

Maana mgeni huliacha hema lake asubuhi nyuma yake, na jioni hulikuta mbele yake. Ameondoka limesimama; amefika limesimama; chai imo ndani ya chupa, maji ya kunawa yamo katika beseni. Baina ya asubuhi na jioni, mahali fulani njiani, hema hilo lilimpita likiwa juu ya kichwa cha mtu. Alipopitwa alikuwa akienda mwendo wa taratibu, kama alivyofundishwa, kwa neno la Kiswahili ambalo wageni wote hulijua kabla ya kufika: polepole. Viongozi hulisema kila baada ya hatua chache, na husema kweli, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na mwenye haraka huumwa kichwa, hutapika, na wakati mwingine hufa. Basi mwenye mkoba wa chupa ya maji na kamera huenda polepole kwa ajili ya afya yake. Mwenye kilo 20 huenda mbio, kwa sababu asipotangulia hakuna kambi.

Suala la kimaadili lililomo ndani ya picha hiyo si jipya, wala si la Kilimanjaro peke yake. Je, yafaa mtu astarehe juu ya bega la mwenziwe? Na neno starehe ndilo lenye uzito hapa. Anayebeba gunia la mpunga bandarini anabeba chakula cha watu. Anayebeba mgonjwa kwenye machela anabeba uhai. Lakini hakuna aliyelazimika kufika Uhuru. Hakuna mji kule, hakuna soko, hakuna ziara ya wajibu. Ni mita 5,895 za kutaka tu. Haja ya mtu humpa mwenziwe sababu ya kuinama. Matamanio yake humpa sababu gani?

Jawabu la kwanza ni la mwenye kususa. Husema: ikiwa starehe yangu ni taabu ya mwingine, bora niiache. Ni jawabu safi, na lina heshima yake, ila limetolewa mbali na lango. Kijana aliyeamka saa 10 za usiku huko Rombo ili awahi kuitwa jina hapati kitu kwa usafi wa moyo wa mgeni asiyekuja. Zamani miteremko hii ilijitegemea kwa kahawa. Chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa 1933, kilijulikana hata nje ya Tanganyika, na kahawa ilisomesha watoto na kuezeka nyumba. Mapatano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka. Na kihamba, shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na mifereji ya maji, kimegawanywa baba kwa mwana, mwana kwa mjukuu, hadi wengine wamerithi ardhi isiyotosha kuzungusha ng'ombe mmoja. Mlima uliokuwa ukiwapa maji ukawapa kazi. Kuwahurumia kwa kutokuja ni kuwapunguzia mzigo kwa kuwapunguzia chakula.

Jawabu la pili ni la mwenye kulipa. Huyu husema: tumepatana, amekubali, nimetoa, biashara ni mapatano. Wala hasemi uongo. Ujira ni heshima, na mtu anayeuona ujira kuwa tusi ni mtu ambaye hajawahi kuukosa. Lakini mapatano yana masharti ya kuitwa mapatano. Anayepatana akiwa na wenzake mia wamesimama nyuma yake tayari kupokea pungufu, amekubali kwa ulimi. Ndiyo maana suala la mizani, la nguo, la chakula na la mahali pa kulala haliwezi kuachiwa mapatano peke yake. Wapo wapagazi waliokufa katika mlima huu kwa baridi na kwa maradhi ya kimo, wamevaa nguo ambazo mtu wa Moshi huvaa kwendea sokoni. Tangu 2003 uko mjini Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi, na mojawapo ya kazi zake ni kuwaazima makoti, viatu na glavu za kupandia. Yatosha kulitafakari hilo jambo moja: kwamba imebidi awepo mtu wa kuwaazima koti wale wanaobeba makoti.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani wa karne ya 18, ambaye inasemekana hakusafiri mbali na mji wake maisha yake yote, alifundisha kuwa ni haramu kumfanya binadamu kuwa chombo tu. Wengi wanaomtaja hulisahau lile neno la mwisho. Hakukataza mtu kumtumia mtu. Angekataza hivyo, asingepata hata wa kumwokea mkate. Alikataza tu. Mpagazi aweza kuwa miguu ya mgeni na akabaki mtu, maadamu hakuwa miguu tu. Na Kiswahili, kwa bahati yake, kimeyaweka maneno hayo karibu hata yakagusana: kutoka mtu hadi kitu-tu si mbali, na utu wote umo katika kujua mpaka uko wapi.

Lipo na jawabu la tatu, la mwenye kulia. Mgeni huyu huona yote, huguswa, hupiga picha ya viatu vilivyopasuka, na siku ya mwisho hugawa soksi zake. Asidharauliwe, soksi ni soksi. Lakini aghalabu machozi yake huwa ni sehemu ya safari yake, kitu kingine alichokiona mlimani, baina ya maua na theluji. Ameuona mzigo, akauhisi, na ukawa wake kwa muda wa jioni moja. Aliyebeba bado anabeba.

Pengine tatizo la majawabu yote matatu ni kuwa yanamtazama mpagazi kutoka mahali pamoja, pale anaposimama mwenye mzigo wa kubebewa. Yafaa kutazama maneno, kwa kuwa lugha mara nyingi huwa imekwisha kuamua kabla ya wenye lugha. Mwambao una majina kadhaa ya mtu wa kazi hii. Iko mchukuzi, neno lisilo na kinyongo: anachukua, basi. Iko hamali, lililotoka Arabuni, na kila aliyekulia karibu na Malindi ya Unguja anamjua hamali kwa mkokoteni wake na kwa sauti yake ya kuomba njia. Iko mpagazi, neno la misafara ya bara, lenye harufu ya vumbi la safari ndefu. Moshi imeongeza lake. Wapagazi wa Kilimanjaro huitwa wagumu, na wenyewe hujiita hivyo. Ni jina la sifa. Mgumu ni mtu asiyevunjika, na kijana wa miaka 20 hulivaa jina hilo kwa fahari kama avaavyo jezi. Lakini sifa nayo ni mzigo. Aliyekwisha kuitwa mgumu hawezi kusema kuwa kichwa chamuuma. Na anayemwita hivyo hana tena haja ya kuuliza. Jina limeuliza na kujibu kwa niaba yao wote wawili. Hapo usufi umetiwa ndani ya kanda kwa mkono wa heshima.

Historia ya mlima huu, ikisomwa kwa upande wa mabega, ni historia ya watu wa pwani pia, jambo ambalo wapenzi wa mwambao hulisahau. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari, aliona weupe juu ya Kilimanjaro, na habari zake zikapingwa na mabingwa wa jiografia wa London waliosema kuwa theluji haiwezi kukaa chini ya jua la ikweta. Aliyemfikisha hapo alikuwa kiongozi wa msafara, Bwana Kheri, pamoja na wapagazi wachache. Rebmann alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ni kitu gani, alijibiwa kuwa ni baridi. Mabingwa wa London walikuwa na maneno mengi, na Bwana Kheri alikuwa na moja. Lake ndilo lililokuwa kweli. Hata hivyo vitabu vya shule husema kuwa theluji ya Kilimanjaro iligunduliwa na Rebmann.

Miaka 41 baadaye alikuja Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig. Alikwisha kujaribu 1887 akashindwa na barafu. Alijaribu tena 1888, akakamatwa katika vita vya Abushiri na kujikomboa kwa fedha. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, na Oktoba 6 wawili hao walifika kileleni, wakakiita kwa jina la mfalme wa Ujerumani. Tangu 1961 kinaitwa Uhuru. Wawili hao ndio wanaoandikwa. Lakini katika kambi za juu, baada ya wengine kurudishwa chini, alikaa nao mtu mmoja wa Pangani aitwaye Mwini Amani, na yaelekea Mwini huyo ni Mwinyi yetu ya pwani iliyoandikwa kwa sikio la Kijerumani. Alipika, alichota maji, alitafuta kuni mahali ambapo kuni ni haba. Wenzake wawili walipokuwa wakikata ngazi katika barafu kwa sururu, yeye alikuwa akiulinda moto. Mtu wa Pangani, mji ambao mawimbi husikika vitandani, akiulinda moto chini ya barafu, usiku, peke yake. Je, alipanda Kilimanjaro? Kwa hesabu ya vyeti, la. Na bila ya moto wake, Meyer je?

Swali hilo lilirudi kwa njia ya ajabu mwaka 1989. Yalipoandaliwa maadhimisho ya miaka 100, ilionekana haifai kuwakumbuka wageni wawili bila ya kuwakumbuka Waafrika waliofuatana nao. Wakatafutwa. Huko Marangu akapatikana mzee sana, Yohani Kinyala Lauwo, ambaye ilidhaniwa kuwa alikuwamo. Mzee hakuujua umri wake. Hakumkumbuka Meyer wala Purtscheller. Alichokumbuka ni kwamba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza aliwahi kupanda mlima zaidi ya mara moja na Wazungu, na kwamba alipanda bila ya viatu. Ikaamuliwa kuwa ndiye. Kwa hesabu hiyo, alipofariki Mei 1996 alikuwa na umri wa miaka ipatayo 125. Wapo wanaotilia shaka, na wana haki ya kutilia shaka. Lakini shaka yenyewe ni ushahidi. Miaka 100 ilipita kabla ya mtu kuuliza ni nani waliobeba, na ilipoulizwa, majina yalikuwa yamekwisha kuyeyuka hata heshima ya watu wengi ikabidi iwekwe juu ya mzee mmoja, naye aibebe, kama alivyokuwa amezoea. Tena kitu kimoja alichokikumbuka kwa yakini, miguu mitupu juu ya mawe, kilikuwa kweli kwa wapagazi wengi wa zama zake, awe ni yeye wa 1889 au asiwe.

Hata leo mpagazi aghalabu hafiki kileleni. Usiku wa mwisho mgeni huondoka na kiongozi wake, na wapagazi wengi hubaki kambini. Katika njia ya Machame kambi hiyo yaitwa Barafu, na kwa kejeli ya majina, Barafu haina maji. Maji ya mwisho yako bondeni Karanga, na huko ndiko yanakochotwa na kupandishwa kwa vichwa. Kibo nayo ni hivyohivyo. Mgeni anayekunywa kikombe cha chai usiku wa kupanda kilele amekunywa saa kadhaa za mtu. Siku ya mwisho, langoni, mgeni hupewa cheti chenye jina lake na kimo alichofika. Hicho nacho ni haki yake. Miguu ilikuwa yake na pumzi ilikuwa yake. Kosa la cheti ni kuwa kimeandikwa kwa umoja.

Hata hivyo mlimani mna adabu moja, ambayo viongozi huwafundisha wageni siku ya kwanza, nayo ni kupisha. Mpagazi akija kwa nyuma, asiye na mzigo husogea upande wa mlima, akasimama, mwenye mzigo akapita katikati ya njia. Ni jambo dogo mno kuitwa maadili, na huenda wengine wakaliona ni la usalama tu, mtu asisukumwe bondeni. Lakini tazama linavyofanya kazi. Kwa muda wa pumzi tatu njia si ya aliyeilipia. Aliyekuja kwa starehe anasimama. Aliyekuja kwa kazi anakwenda. Mwenye kusimama analazimika kuona: shingo, jasho, mshipa wa paji la uso, ndala au buti. Kanda limepita karibu na uso wake kiasi cha kusikia linavyolia. Ni vigumu, kwa muda huo mfupi, kuendelea kudhani kuwa mna usufi.

Na hapo ndipo Kiswahili cha mgeni kinapopungua nusu. Amefundishwa polepole, kwa ajili ya mapafu yake. Hakufundishwa pole. Neno likirudiwa ni mwendo. Likisemwa mara moja ni hali ya moyo. Pole hudai kitu ambacho lugha nyingi hazina neno lake: kukiri taabu ya mtu bila ya kudai kuwa umeisababisha, bila ya kuahidi kuiondoa, na bila ya kujifanya kuwa unaijua. Mtu hupewa pole kwa msiba, kwa safari, kwa kazi, kwa kujikwaa. Naye huipokea, hushukuru, akaendelea. Wala haimpunguzii hata ratili moja, na anayedhani kuwa pole ni badala ya ujira na koti ni mwizi mwenye adabu. Lakini ujira na koti bila ya pole navyo vina upungufu wake, na mwenye kubeba huujua upungufu huo vizuri kuliko mwenye kulipa. Ulipaji humaliza deni la mzigo. Kuna deni jingine, la kuonekana, ambalo halimaliziki kwa kulipwa, kwa kuwa hulipwa tena kila wanapokutana watu wawili katika njia nyembamba.

Njia hizo, tukumbuke, hazikuanza na hifadhi. Mwaka 1941 ulitengwa baina ya vihamba na msitu wa serikali ukanda wa nusu maili, ili wenyeji wapate kuni, miti na majani ya mifugo. Leo ukanda huo umo katika hesabu za hifadhi, na masharti ya kuuingia yamekuwa mada ya ubishi usiokwisha baina ya vijiji na walinzi. Huko waliingia, na wangali wakiingia, akina mama wa miteremko, kwa kuwa ng'ombe wa Kichaga hafungwi malishoni. Hufungwa zizini nyumbani, na malisho humfuata. Mama hukata majani, huyafunga mzigo mkubwa kuliko yeye, hukunja ngata ya majani makavu ya mgomba, na kushuka. Huyu hahesabiwi katika msafara wowote, na mizani ya lango haimhusu. Mzigo wake haukuamriwa na starehe ya mtu, na kwa hiyo wanafalsafa hawana tatizo naye. Shingo yake haiijui tofauti hiyo.

Wageni wa Machame na Lemosho hushukia Mweka. Langoni kuna zogo la furaha: vitabu vya kutia sahihi, taka zinazopimwa kuhakikisha kuwa hazikutupwa mlimani, bia ya kwanza baada ya siku sita, nyimbo. Wapagazi hutua. Mtu aliyetua baada ya siku nyingi hana pa kuiweka mikono yake. Huishika kiunoni, huiweka kichwani, huinyoosha, kama aliyerudishiwa kitu alichosahau kuwa ni chake. Kisha huteremka kwa miguu kuelekea kijijini, kutafuta gari la Moshi, njia ikipita katikati ya kahawa na migomba, na mfereji ukitiririka pembeni. Na ni kawaida katika njia hiyo, jioni, kukutana na mama mwenye mzigo wa majani akitokea upande wa msitu, ambaye uso wake hauonekani vizuri kwa majani yaliyoning'inia. Kijana husimama, na husogea mfereji ulipo ili njia ibaki wazi.

"Pole, mama."

"Asante, mwanangu. Na wewe pole. Mmeshuka salama?"

"Tumeshuka."

Na mama hupita, na nyuma yake njiani hubaki majani mawili matatu yaliyodondoka.